Daktari wa Akili na Kipimo cha Mapenzi

"Mrembo, mpaka lini utanikataa? Mchumba wako hana haja ya kujua."

Binti, mpimaji wa maabara ya hospitali, alimsomea mchumba wake ujumbe huo neno kwa neno, akaiweka simu mezani kati ya vikombe vya chai. Alitegemea mwanamume awake. Wapi! Mwanasaikolojia wetu akakoroga chai taratibu.

"Ulijisikiaje ulipousoma?"

Hapo moyo ukamwambia binti kuna jambo. Mtu anatongozewa mchumba, harusi iko mlangoni, halafu anauliza hisia?

"Naomba simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe tu, mpenzi."

Binti akaipokea, akaandika humo namba ya yule mtongozaji. Kabla hajaimaliza, jina likajitokeza lenyewe: Swahiba wa Kazini. Akapiga, akaweka spika.

"Daktari, mimi nanawa mikono," sauti ikasema. "Shemeji kanikataa kila nilipomjaribu. Anakupenda, muoe yaishe."

Binti akakata simu.

"Kumbe ulimtuma wewe."

"Ulikuwa utafiti mdogo tu. Saikolojia nayo ni sayansi. Wewe wa maabara unajua, kitu hakiaminiki bila kupimwa."

"Sawa. Mara ya kwanza nilimjibu nini?"

"Ulikataa."

"Mbona hukuishia hapo?"

"Nilitaka uhakika."

"Kwetu, damu ikionekana safi, ukairudia na kuirudia ukisubiri ioneshe ugonjwa, unafukuzwa kazi."

"Moyo wa mtu si damu, mpenzi."

"Ndiyo maana ungeupima kwa adabu. Hebu niambie, jibu gani lingekufanya useme basi, huyu ni wangu?"

Mwanamume akashika tena kijiko cha chai. Binti alimpenda yule mwanamume, na pale alipokaa alikuwa akimwombea apate la kusema, lolote lile.

"Sijui," mwanamume akasema, macho chini. "Nadhani ningeacha siku ambayo ungemkubali."

Machozi yakamtoka binti waziwazi.

"Basi hiyo si sayansi. Ulikuwa unasubiri nianguke."

"Nisamehe. Naogopa kuachwa, ndiyo shida yangu."

"Pole. Hilo ungeniambia mapema, ningekushika mkono."

Binti akavua pete ya uchumba, akaiacha karibu na kikombe cha mwanamume. Nje ya mlango akampigia mama yake.

"Mama, mwambie shangazi asikikate kile kitambaa cha gauni."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nakuja nyumbani, mama. Hakuna harusi."