Fundi Yahya Alinyamaza

Stendi ya Nangurukuru ilikuwa imefurika asubuhi ile. Basi la Dar lilikuwa linashusha mizigo, na wauza mayai na korosho walikuwa wamelizingira madirishani. Kidawa alijipenyeza na baibui lake jeusi, mtandio wa zambarau ukimteleza begani, akataja jina la kaka yake, akapewa boksi, akaondoka. Hakumtazama hata kidogo kijana mrefu wa ovaroli ya bluu aliyesimama nyuma yake akingoja boksi linalofanana na lile.

Kabla hajafika nyumbani Masoko, simu iliita.

"Samahani dada, umenichukulia boksi langu la bomba la boti."

"Wewe nani?"

"Yahya, fundi wa boti. Nimebaki na boksi lako, namba yako imeandikwa juu. Ndani naona gasketi za pikipiki ya majini."

"Kama unazijua, zilete uzifunge mwenyewe. Mafundi wengine wameshindwa."

"Chai ipo?"

"Ukitengeneza."

Kaka yake Kidawa, Abilahi, alikuwa na nyumba ndogo ya wageni Kilwa Masoko. Pikipiki ile ya majini aliinunua kuukuu ili wageni waifurahie, lakini kila ikitoka ufukweni ilichemsha. Yahya alifunua kiti, akaikagua kwa utulivu, kisha akamwita Kidawa aone.

"Hii haina rejeta kama gari. Inavuta maji ya bahari, yanazunguka kuipoza injini, halafu yanatokea kwenye katundu haka ka pembeni. Ukiona hakatemi maji, zima."

Alichokonoa kwa waya. Ukatoka mchanga ulioshikana na chumvi. Akaunganisha mpira wa bustani ili aisafishe kwa maji baridi, na Kidawa akanyoosha mkono kwenye koki.

"Subiri. Injini iwake kwanza, ndipo maji. Kufunga, maji kwanza, injini baadaye. Ukikosea, maji yanaingia ndani ya injini."

"Una masharti kama mganga."

"Mganga anadai kuku. Mimi nimeomba chai tu."

Kidawa alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Tangu hapo Yahya hakukosa sababu ya kupita. Jioni wakiisafisha pikipiki pamoja, mikono yao ikigusana kwenye mpira, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutoa wake. Abilahi aliwaona, akatabasamu. Haukupita muda, Yahya akasema atawatuma wazee wake wa Kiswere walete posa.

Kisha akasafiri kwenda Lindi. Siku hiyohiyo Abilahi aliisukuma pikipiki majini, ampelekee begi mgeni aliyelisahau alipokwenda kisiwa cha Songo Mnara.

"Yahya anajua?" Kidawa alimuuliza.

"Yahya mwenyewe kasema inatema maji vizuri."

Abilahi hakurudi. Kesho yake wavuvi waliukuta mwili wake kwenye mikoko, na pikipiki imezama karibu na hapo; wakaiopoa, wakaivuta hadi nyumbani.

Yahya aliwahi maziko, viatu vyake vikiwa na vumbi la safari. Watu walipotawanyika, Bi Ziada, mama yao Kidawa na Abilahi, alimwita mlangoni.

"Ulimwambia mwanangu chombo kimepona."

Yahya aliinamisha kichwa. "Pole, mama."

Kidawa alimfuata hadi barabarani. "Sema kitu, Yahya. Sema hukumwambia."

"Niseme nini, Kidawa?"

Yahya alimtazama kwa macho mekundu, akageuka akaenda zake. Ukimya ule Kidawa aliuhesabu kuwa ni kukiri. Simu zake hakuzipokea tena, mpaka zikaacha kuita.

Mvua za masika zilikuja zikaisha. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipotaka kuichukua pikipiki, Kidawa alifunua kiti aondoe takataka. Chini, karibu na injini, aliona mpira mmoja wa maji umepasuka. Mahali palipopasuka palikuwa pamezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimefungwa kwa mafundo. Yahya alikuwa akifunga kwa klipu za chuma, hakuwahi kufunga kitu namna ile. Akampigia.

"Hii tyubu iliyofungwa kwenye mpira wa maji ni kazi ya nani?"

"Umeiona," Yahya akasema.

"Nijibu."

"Mpira ule niliutoa kabla sijasafiri. Katundu kalikuwa kanatema maji vizuri, kweli, lakini mpira wenyewe ulikuwa umeoza. Nikamwambia marehemu, ukipasuka maji yote yanamiminika ndani na chombo kinazama, asiguse mpaka nilete mwingine. Ndio niliofuata Lindi. Siku ya maziko nikafunua kiti, nikakuta kaurudisha mwenyewe na kuufunga tyubu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie mama yake, kaburi bado bichi, kwamba mwanawe kaponzwa na mikono yake mwenyewe? Bora anichukie mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe nilidhani unanijua."

Kidawa alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaingia jikoni. Bi Ziada alikuwa akichagua mchele.

"Mama, nina neno juu ya Yahya."

"Ni ile tyubu?"

Kidawa akakaa chini.

"Kaka yako alikuja hapa na tyubu," Bi Ziada alisema bila kuinua macho. "Kaniomba kisu, nikampa. Nikamshikia na ncha akate vizuri. Namuuliza ya nini, anasema kitu kidogo tu, mgeni anasubiri begi lake." Vidole vyake viliendelea kupekua mchele. "Nikisema ni Yahya, angalau napata usingizi. Mwambie alete posa yake."

Ndoa ilifungwa bila ngoma. Yahya alihamia Masoko, na kila asubuhi alimwamkia mkwewe shikamoo, naye akajibu marahaba huku akitazama ukuta. Mchana Bi Ziada alimwandalia chakula kizuri, kisha akaingia na sahani yake chumbani akafunga mlango.

"Bado ananichukia," Yahya alimwambia mkewe siku moja.

"Hakuchukii, mpenzi. Anakuonea haya."

Yahya alinyanyuka na sahani yake, akaketi chini nje ya mlango ule, akaendelea kula taratibu. Kidawa akamfuata, akaketi ubavuni mwake. Mlango haukufunguliwa.