Sauti Iliyoomba Samaki

Kilichokosekana kwanza ni harufu. Tilapia wanne walikuwa juu ya makaa, mafuta yakiwatiririka na ngozi ikipasuka, lakini Carmel alipoinama juu ya mbabula, jiko lao la makaa, hakunusa chochote. Si samaki, si moshi, wala ndimu aliyoikamua kwa mikono yake mwenyewe. Alidhani ni mafua. Akamwuliza mumewe, Zagabe. Naye akanusa, akakunja uso, akasema labda ni upepo.

Upepo haukuwepo. Ndiyo sababu walikuwa wametia nanga pale, Jumapili mchana, kwenye kisiwa kidogo cha ziwani kisicho na nyumba, mwendo wa saa mbili kutoka Nguba, mtaani kwao. Tanga lilikuwa limelegea ghafla, na Papa Hugues, jirani yao mwenye boti, akasema wachome samaki wao hapo ufukweni, upepo utarudi wenyewe.

Carmel hakuwa amepanda chombo cha majini kwa mwaka na nusu. Mdogo wake, Yannick, alizama katika ziwa hilohilo akitoka kisiwa cha Idjwi, ndani ya mtumbwi uliojaa watu na magunia ya maharage. Mwili haukupatikana. Misa ilisomwa bila jeneza. Zagabe ndiye aliyemshawishi mkewe watoke siku hiyo, ziwa lisije likabaki adui yake maisha yote, na kweli asubuhi, tanga lilipojaa, Carmel alikuwa amecheka.

Walianza kula. Nyama ya samaki ilikuwa laini, lakini mdomoni ilikuwa kama maji. Zagabe aliongeza pilipili mara mbili, kisha akaacha. Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya mawe, upande wa ziwa, ya chini, kama ya mtu anayeona haya.

"Yaya. Munibakizie samaki. Minasikia njala."

Yaya, yaani dada mkubwa: hakuna mwingine ila Yannick aliyewahi kumwita Carmel hivyo. Papa Hugues alimshika mkono kabla hajainuka.

"Usiitike, maman," alinong'ona. "Hata mimi nasikia. Ule hapana mutu."

Alimweleza haraka, macho yake yakiwa kwenye mawe, kwamba wavuvi wanalijua jini hilo, kwamba huchukua jina la mtu ambaye hakuzikwa na kuomba chakula kwa ndugu zake, na kwamba likikosa jibu huchoka. Zagabe naye alimsihi wakae kimya. Lakini sauti iliita tena, ikitetemeka kwa baridi, na Carmel, ambaye kwa mwaka na nusu alikuwa akiliita jina hilo ndani ya mto wake wa kulalia usiku bila kujibiwa, akajinasua, akachukua samaki aliyebaki kwenye sahani, akakimbia mpaka ukingoni na kumweka juu ya jiwe, akisema, "Yannick, niko hapa, kula," na alipogeuka kumtazama mumewe, kisha akageuka tena, mara moja tu, juu ya jiwe palikuwa na mifupa mitupu, myeupe, na harufu iliyokosekana mchana kutwa ikawajia yote kwa pamoja, nayo haikuwa ya samaki, ilikuwa ya matope na ya nguo zilizolala majini siku nyingi.

Upepo ulirudi papo hapo. Njiani Papa Hugues alitazama maji yaliyokaribia ukingo wa boti, akasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba boti iko nzito kuliko wakati walipokuja.

Nyumbani, sakafu ya jikoni ililowa kila adhuhuri. Zagabe alipangusa, ikalowa tena. Siku ya tatu alirudi mapema kutoka kazini akamkuta mkewe mezani mbele ya sahani mbili, akiwa hajala tangu Jumapili, macho yamedidimia, akicheka taratibu na kiti kitupu ambacho maji yalidondoka kutoka pembeni mwake, tone, tone, mpaka yakafika kwenye viatu vya Zagabe.

Alikwenda kumwita Maman Clémence, mama wa kundi la sala parokiani. Mama huyo alikuja na chumvi na maji ya baraka, lakini hakuyafungua. Alimkalisha Carmel karibu na mlango wa jikoni, akamwambia kwamba alikuwa amelipatia jini jina, na yeye peke yake ndiye angeweza kulinyang'anya.

"Yaya," sauti iliita nje ya mlango. "Baridi."

Carmel aliweka kiganja kwenye kitasa. Zagabe alidhani angefungua.

"Weye hapana Yannick," alisema hatimaye. "Yannick alikufa. Mudogo yangu alikufa mu maji."

Hakuwa amewahi kulisema neno hilo. Alilia kilio alichokikosa siku ya misa, na alipotulia, sakafu ilikuwa kavu. Zagabe alifungua mlango. Uani palikuwa na jua tu.

Maman Clémence hakufurahi. Aliuliza ni nani mwingine katika familia ambaye bado anamngoja kijana huyo, kwa kuwa jini lililofukuzwa kwenye mlango mmoja hutafuta mwingine.

Carmel alichukua simu, akampigia mama yake huko Kavumu. Mama aliitika mara moja. Sauti yake ilikuwa changamfu kama haikuwahi kuwa tangu ajali ile, akasema hawezi kuongea sana, yuko jikoni, mafuta yako motoni. Carmel alisikia sambaza, dagaa wa ziwani, wakichachatika kikaangoni, na nyuma yao kiti kikivutwa.

"Maman, usimupatie kitu," alisema. "Usimwite jina."

Mama aliongea polepole, kwa huzuni, kama anayemkaripia mtoto.

"Eko hapa, analia. Anasema ulimufukuza."