Aliyenyang'anywa Zamu

Alikuwa bafuni akikamua shuka la mwisho simu ilipolia. Mikono ilijaa povu, akaibana simu kwa bega.

"Dada fundi," alisema mtunza stoo ya dawa, kwa sauti ya mtu aliyejificha. "Mashine imekuwa nyepesi, sikatai. Ila ile programu ya zamani imenyamaza kabisa."

"Nimeilaza, kaka. Si mlilalamika wenyewe?"

Programu hiyo ilitengenezwa enzi ambazo kompyuta ilifanya kazi moja tu kwa wakati. Ikikosa kazi haikujua kupumzika. Ilikaa ikiuliza, kuna aliyebonyeza kitufe, kuna aliyebonyeza, bila kukoma, na kwenye mashine mpya, inayogawia programu nyingi zamu, ilikuwa ikila zamu za wenzake. Jana fundi alipunguza namba: ikiuliza mara chache bila jibu, ihesabiwe haina kazi, inyang'anywe zamu.

"Mama?" kitindamimba aliita koridoni.

Hakuitika. Huyo naye alishampimia namba yake. Huita mara kumi kabla hajakumbuka anataka nini.

"Mzee aliyekalia kiti hiki kabla yangu," mtunza stoo aliendelea, "kila akipita alikuwa anabonyeza kitufe na kusema 'nipo'. Tulimcheka sana. Alisema kinachouliza humo si programu, na kisipojibiwa kitakwenda kuuliza kwingine."

"Kaka, nina nguo za kuanika."

"Mama? Mama? Mama?"

Harufu ya vumbi lililoungua ikaingia bafuni, ileile ya nyuma ya mashine ya stoo.

"Wewe," mama mkwe alisema kutoka sebuleni, polepole. "Nani huyo anakuita? Mwanao amelala hapa mapajani mwangu."

Shuka likamponyoka. "Irudishe ile namba kama ilivyokuwa," alinong'ona kwenye simu. "Sasa hivi."

"Nimeirudisha tangu mchana. Haiulizi kitu. Dada, humo hamna mtu."

Sauti ikapita mlango wa bafu bila nyayo, ikaelekea sebuleni, mama, mama, mama, kila moja sawasawa na iliyotangulia, bila kupumua wala kusubiri, na alipoifuata kwa miguu inayochuruzika maji, mkono ukutani, alimkuta mtoto ameinuka mapajani kwa bibi yake, macho kayafumba, midomo inatafuta neno, na bibi kamshika shati kwa mikono miwili, na bado anavutwa kuelekea koridoni.

"Asiitikie," bibi alinong'ona. "Akiitikia tumempoteza. Mzibe mdomo, mimi nguvu zimeniishia."

"Ni..." mtoto alianza.

"Nipo," fundi alimuwahi. "Niulize mimi. Huyo mwache."

Ile sauti ikakoma. Mtoto akaanguka mapajani kwa bibi, akakoroma.

Mume aliporudi kutoka kazini chakula kilikuwa mezani.

"Nani kaacha shuka chini bafuni?" aliuliza.

"Mimi. Kazi ilinizidi."

"Wewe? Basi leo jua limechomoza magharibi."

Fundi akapakua wali huku akiwahesabu kwa mwiko: mume, bibi, binti mkubwa, kitindamimba. Wote walikuwepo, na wote midomo imejaa.

"Mama?"

Aliyeinua uso ni bibi peke yake.

"Nipo," fundi akajibu kwa uchovu, akajipakulia ukoko.