Dawa ya Mama Aniceti

Mwaka ule mafuta ya kula yalikuwa adimu mjini Babati. Ukisikia yameletwa dukani, unakimbilia foleni, unarudi na chupa tupu. Lukresia wa kijiji cha Nakwa alipika maharage kwa maji na chumvi. Mumewe, Paskasi, aliyala bila kulalamika.

Kisha Paskasi akapata kazi ya kumjengea jiko jirani yao. Jirani huyo alikuwa Ursula, mjane, mama yake Aniceti. Tangu hapo Paskasi akawa anarudi nyumbani ameshiba.

"Chakula tayari, Baba Fabiola."

"Nimekula kwa Mama Aniceti. Maharage yake, we! Hayana hata tone la mafuta, lakini yananukia. Sijui anatia dawa gani."

Dawa! Neno hilo lilimchoma Lukresia kama mwiba. Aliijua dawa ambayo wanawake huwatilia waume za watu. Limbwata!

Kesho yake mchana alichungulia kwenye ua wa minyaa. Alimwona Ursula akiepua maharage. Ursula alichuma majani mabichi bustanini, akayakatakata, akayatia chunguni, akafunika. Paskasi alikuwa ananawa mikono, anacheka kama bwana harusi.

"Ndiyo hiyo," Lukresia akanong'ona. "Leo naing'oa na mizizi yake."

Ursula alipokwenda kuteka maji, Lukresia akajipenyeza bustanini. Aling'oa shina moja, la pili, la tatu. Harufu kali ikamjaa puani.

"Karibu, Mama Fabiola," sauti ikasema nyuma yake. "Ungebisha hodi, ningekupa kisu."

Lukresia akageuka. Akamtikisia yale mashina. "Unamtilia mume wangu limbwata! Kwangu anaonja, kwako anashiba!"

Ursula alicheka mpaka akatua ndoo. "Basi nimemroga na Aniceti, maana naye anaila. Mwenzangu, hiyo ni giligilani. Mbegu zake si ndizo tunazosaga za pilau ya harusi? Haya ndiyo majani yake. Wengine huyaita kotimiri."

Lukresia hakucheka. "Hata kama ni kiungo. Mume wangu anakula kwako."

"Basi mrudishe kwa chungu chako, usimalize bustani yangu. Njoo uone."

Alimwonyesha. Majani ya chini ni mapana, yana meno. Ya juu ni membamba kama nyuzi. Maua ni madogo meupe, na mbegu ni za mviringo.

"Mbegu iponde kidogo ipasuke vipande viwili," alisema. "Ipande palepale itakapokulia, maana haipendi kuhamishwa. Chuma majani kabla haijatoa maua. Mashina machache yaache yazae mbegu."

"Nayachemsha na maharage tangu asubuhi?"

"Hapana! Harufu yote itaondoka na mvuke, na vitamini nyingi zitapotea. Yaoshe kwa maji safi, yakatekate, yatie unapoepua."

"Na tumboni?"

"Wengi wakiyala na maharage, tumbo halijai sana gesi. Lakini giligilani ni chakula, haitibu homa. Fabiola akiumwa, mpeleke zahanati."

Ursula akamfungia mbegu kwenye kipande cha khanga. "Na hayo uliyong'oa nenda nayo. Yapike leo."

Lukresia aliona haya. "Nisamehe, Mama Aniceti."

"Nenda. Maharage yako yanakungoja."

Kabla jua halijazama, Lukresia alikuwa ameshapanda mbegu nyuma ya nyumba. Kisha akapika kama alivyoelekezwa.

Paskasi aliingia akijishika tumbo. "Mimi nimeshiba, mama." Lukresia alifunua sufuria tu. Paskasi akasimama. Akanusa.

"Mama Aniceti ameleta chakula?"

"Hajaleta mtu. Huyu ni mkeo amepika."

"Niwekee kidogo, nionje."

Alionja, akaongeza, akaongeza tena. Mwisho akagombania kijiko na Fabiola. Lukresia akabaki na ukoko wa ugali na mchuzi wa chini ya sufuria. Aliula wote, akalamba vidole.