Mkoromo wa Wagdi

Treni ya Tanta ilikuwa imechelewa, kituo cha Ramses kimefurika, na Shahinaz alikuwa na furaha tele. Fundi sauti wa tamthilia huzipenda kelele. Alikuwa akikatiza katikati ya abiria, gauni la samawati, mtandio wa manjano, kinasa sauti mkononi, alipousikia mkoromo. Mkoromo hasa! Ulipanda taratibu, ukakwama, ukanyamaza mpaka ukatia wasiwasi, kisha ukateremka kwa mluzi.

Mwenyewe alikuwa kijana wa shati jeupe, amejilaza benchini. Shahinaz akachuchumaa, akasogeza kipaza sauti karibu na pua yake. Alipokwisha kupata alichotaka, kijana akafumbua jicho moja.

"Dada, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Endelea kulala."

"Unanirekodi nikikoroma?"

"Waigizaji wetu hawajui kukoroma. Wewe una kipaji, wallahi! Naruhusiwa kuutumia?"

Kijana akacheka mpaka akashika mbavu. "Utumie, bashmuhandisa, bibi mhandisi wangu. Ila uniachie namba ya simu."

Aliitwa Wagdi, mfamasia. Akapiga simu jioni hiyohiyo, na kesho yake, na mtondo. Penzi likakolea. Wakapanga kwamba Alhamisi ya kwanza baada ya Idi Wagdi aje kwa kina Shahinaz na mama yake, Hajja Insaf, kusoma Fatiha ya uchumba. Lakini Wagdi alikuwa amemdanganya mama kwamba walikutana kwenye harusi ya rafiki. Aliona haya kusema amepatikana benchini, mdomo wazi.

Ramadhani ikaingia, na tamthilia za Ramadhani zinajulikana: kipindi cha leo kinamaliziwa leoleo. Mwigizaji akaja studio, akakoroma kama mtu anayesukutua koo. Mwongozaji akashika kichwa. Shahinaz hakubabaika. Akautoa mkoromo wa Ramses, akauondolea honi, matangazo na wauza chai, ukabaki usingizi mtupu. Studio nzima ikapiga makofi.

Magharibi, Hajja Insaf akifuturu na wageni wake huku tamthilia ikiendelea, kijiko chake kikasimama hewani.

"Wagdi! Huyo anayekoroma ni wewe!"

Wageni wakageukia runinga. Mwishoni likapita jina la fundi sauti, Shahinaz, na mama akalisoma kwa sauti. Uso ukamshuka.

Simu ya Shahinaz ikalia.

"Mama amevunja Alhamisi," Wagdi alisema. "Anauliza ulinisikia wapi nikilala. Kwa nini hukuniambia kwamba utaurusha leo?"

"Ruhusa ulinipa mwenyewe! Na wewe umemjibu nini?"

Wagdi akaanza kusimulia habari za wageni.

"Wagdi, umemjibu nini?"

"Nilishasema tulikutana harusini, kipenzi changu. Sasa nibadilishe vipi?"

"Yaani heshima yangu iende kwa sababu wewe unaona haya? Basi kaa na haya zako!" Akakata simu, na machozi yakamtoka, ya hasira na ya mapenzi.

Kesho yake akavaa gauni lake la zari, akanunua sinia la kunafa, ule utamutamu wa Ramadhani, akabisha hodi kwa kina Wagdi. Hajja Insaf akafungua, hakumkaribisha kiti.

"Mama Hajja, sijawahi kulala chini ya paa moja na mwanao. Nilimkuta Ramses amelala mbele ya watu mia, nikamrekodi. Harusi ni uongo wake."

Wagdi akatoka chumbani kichwa chini. "Ni kweli, mama. Niliona aibu."

Mama akamgeukia binti. "Uliusikia wote? Hata pale anapokwama?"

"Wote."

"Wachumba wawili nimewaficha kitu hicho. Walipokijua, walikimbia."

"Mimi, mama, nilimsikia akikoroma kabla sijajua jina lake. Na aliposema nimwachie namba, nilimwachia."

Hajja Insaf akaketi, mkono kifuani. Kisha akaanza kucheka huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Wagdi, mpokee mwenzio sinia! Na Alhamisi tutakwenda, wewe utasema mwenyewe mbele ya baba yake mlikutana wapi."

"Nitasema, mama. Shahinaz, utanisamehe?"

"Kwanza sema. Nitakuwa nasikiliza."