Jini la Ngozi na Jini la Kompyuta

Harufu ya mvua ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Agosti, Dodoma nzima vumbi na upepo, lakini kila Evarista alipofungua mlango wa nyumba ile ya Makole waliyopanga kwa ajili ya kupigia filamu, alipokewa na harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Alidhani ni ngozi zake za mbuzi. Akazinusa moja moja. Hazikuwa zenyewe.

Mwaka huo, 2003, filamu za mikanda zilikuwa zimepamba moto, na mwajiri wao Octavian alitaka ya jini. Evarista, aliyekuwa ameshona mavazi ya maigizo miaka kumi na tano, akatengeneza jini la ngozi: kichwa cha karatasi na gundi, manyoya ya mbuzi, vidole vya waya. Aliyelivaa ni Msafiri, seremala mrefu aliyeinama kwenye kila mlango. Kisha Octavian akanunua kompyuta na kumleta Fredy, kijana aliyesomea Dar es Salaam, achore jini jingine humo ndani.

"Litakalotisha zaidi ndilo litakaloingia kwenye filamu," alisema, akawaacha watazamane.

Tangu hapo wakawa wanaviziana. Evarista akawa anafunika kazi yake kwa shuka. Fredy akawa anazima kioo kila akisikia hatua zake.

Asubuhi moja Fredy akamwita. Kwenye kioo alionekana Aneth, mwigizaji wao, akimenya viazi jikoni. Nyuma yake, kwenye mlango wa stoo, kulikuwa na kitu kirefu kimesimama.

"Dada, hapa ulimficha Msafiri bila kutuambia."

"Tulipiga Jumanne. Msafiri alikuwa Kibakwe msibani, na kichwa nilikuwa nacho kwangu Nkuhungu, nakishona upya." Evarista alishusha sauti. "Hilo ni lako, mdogo wangu. Unataka bosi aone langu halina kazi."

"Langu bado halina miguu," Fredy alisema.

Evarista hakumwamini. Akadai ule mkanda wenyewe wa kamera, ambao kompyuta isingeweza kuubadilisha, akauweka kwenye kamera kwa mkono wake na kuuangalia kwenye kidirisha kidogo cha pembeni. Kitu kilikuwa palepale.

Wakaukagua pamoja, kila mtu kwa jicho la ufundi wake. Fredy alinyoosha kidole kwenye kivuli, kilivyopanda juu ya magunia ya mtama na kujikunja kwenye kila gunia. "Mashine hii haiwezi hivi," alinong'ona. Evarista alitafuta shingoni, mahali ambapo mshono wake haukukosa kuonekana hata siku moja, na hakuona mshono, aliona ngozi ikivutika na kubonyea, ikivutika na kubonyea, kama ya mtu anayezuia kilio, na kadiri alivyozidi kuitazama ndivyo ile harufu ya mvua ilivyozidi kuwajia, si kutoka kwenye kamera wala kwenye ngozi zake, bali kutoka nyuma ya migongo yao, upande wa stoo, ambako mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake.

Wakatoka bila kukimbia, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbia.

Mchana huohuo walimleta Bibi Hana, mganga wa Kigogo aliyekuwa akiishi mitaa miwili tu kutoka hapo. "Shikamoo, bibi," Fredy alisema. "Marahaba," alijibu, akasimama kizingitini akinusa. Kioo alikataa kukitazama.

"Mmempa mwili mmoja, mkampa na wa pili," alisema. "Sasa anangoja mmalize kugombana ajue akae wapi. Ondoeni yote miwili."

Akafukiza dawa chumba kwa chumba. Uani, Evarista alichoma jini lake huku Fredy akichokoa majivu kwa kijiti na kuhesabu vidole vya waya. Ndani, Fredy alifuta lake huku Evarista, ambaye hakujua lolote la kompyuta, akimwangalia mikono. Harufu ikakatika. Hawakuagana.

Octavian alikasirika, lakini filamu alikuwa ameshaiahidi. Tukio la jikoni likapigwa upya, akaitoa bila jini: Aneth akipiga kelele mbele ya mlango mtupu wa stoo.

Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye banda la video la Nkuhungu, Jumamosi alasiri. Aneth alipogeukia mlango, banda zima lilirudi nyuma, mabenchi yakakwaruza sakafu. Mama mmoja akajifunika khanga usoni. Evarista alikaza macho.

"Unaona kitu?" Fredy alinong'ona.

"Mlango. Wewe?"

"Mlango."

Kwa mara ya kwanza kila mmoja alimwamini mwenzake, na hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Nje, wanaume walikuwa wanabishana. Yoramu, mwenye banda, aliapa kwamba lile jini ni vazi, manyoya ya mbuzi anayajua. Mwingine akasema vazi haliwezi kukodoa macho vile, hiyo ni kompyuta. Wakamwona Evarista.

"Mama, wewe si ndiye fundi? Mlitumia kipi?"

Evarista aliwapita. Alimfuata Octavian, akamshika mkono na kumwomba asiionyeshe tena filamu ile, aurudishe mkanda waukate.

"Nikate nini, na watu wameipenda?" Octavian alisema akicheka. "Tena umechelewa. Mkanda mama ulishakwenda Dar tangu juzi. Sasa hivi wanatoa nakala."