Boti Haizuiwi kwa Kifua

Abiria ni mtu wa ajabu. Amekuja ziwani mwenyewe, amelipa nauli mwenyewe, lakini maji hataki yamguse. Akilowa kidole kimoja cha mguu, atalalamika mpaka afike kwake.

Nahodha aliwajua vizuri abiria wa namna hiyo. Kila asubuhi aliwavusha kutoka upande wa makazi kwenda upande wa soko. Boti yake ilikuwa boti ya maboya. Boti hiyo haina tumbo kama mtumbwi. Ni jukwaa bapa lenye viti na paa la turubai. Jukwaa limelala juu ya maboya mawili marefu ya bati yaliyojaa hewa. Mbele kuna geti dogo la kushukia, na nyuma kuna injini.

Upande wa soko hakukuwa na gati. Boti zote ziliishia mchangani. Manahodha wengine walisimama kwenye maji mafupi, na abiria wao wakashuka viatu mkononi. Nahodha wetu alijiona bora kuliko hao. Akikaribia ufuko, alizidisha mwendo. Boti ilipanda mchangani kwa kishindo, na nusu ya maboya ikatoka majini. Hapo alipaza sauti, "Miguu mikavu!" Abiria walicheka, wakashuka kama mabwana harusi.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Kaka wa mke wake alisimama mbele na kamba. Watu walimwita Chapchap. Boti haijagusa mchanga, yeye ameshafungua geti na kuruka. Alitua mbele ya boti, akageuka, akaikinga kwa mikono na kifua ili isiende upande. Watu walimsifu. Mimi nimeona wengi wakifanya hivyo katika fukwe nyingi, na kila nikiwaona roho huwa juu. Huo si ushujaa. Ni kucheza na kifo, na kifo hakijui mchezo.

Mke wa Nahodha aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa alizaa mapacha. Yeye alipokea nauli na kugawa majaketi ya kuokolea.

Mwaka ule mvua zilizidi. Maji ya ziwa yalipanda, yakafunika mawe yaliyokuwa yakionekana. Siku moja upepo ulivuma kutoka ziwani kwenda ufukweni. Nahodha alizidisha mwendo kama kawaida. Chapchap akaruka kama kawaida. Mguu wake ulitua kwenye jiwe lenye utelezi, akaanguka chali. Boti haina breki. Boya la kushoto lilimpanda kifuani, likambana na jiwe. Mama Pacha aliona yote.

Watu wa uokoaji walifika upesi. Aliyeingia chini ya boti alikuwa jirani yao, mwanamke mrefu anayefanya kazi kituo cha uokoaji. Mtaani anaitwa Mwokoaji. Siku ile hakuokoa mtu. Alitoa maiti.

Baada ya mazishi, majirani walikuja kutoa pole. Wote walisema neno moja: "Ajali haina kinga." Nahodha alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila aliyeingia, yeye alimwahi kulisema. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa tu.

Lakini njaa haina subira. Boti ilipaswa kurudi kazini. Je, nani angeshika kamba? Nahodha aliwauliza wanaume wa ufukweni. Huyu mgongo unamuuma, yule amepata safari, mwingine hakujibu kabisa. Mwishowe Mama Pacha alisema, "Nitashika mimi." Nahodha hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Jioni ile Mwokoaji alipita kuwajulia hali. Alimkuta Mama Pacha sebuleni. Alikuwa anajaza matambara ndani ya buti za mpira za kiume.

"Karibu, jirani. Chai ipo."

"Ahsante. Hizo buti ni za nani?"

"Za marehemu. Zinanipwaya kidogo."

"Unazivaa uende wapi?"

"Mbele ya boti. Kesho tunaanza kazi."

Mwokoaji aliweka kikombe mezani. Chai ilimshinda.

"Mdogo wangu," alisema, "kaka yako nilimtoa mimi, kwa mikono hii. Sitaki kuitwa nije nikutoe na wewe."

Nahodha alikuwa mlangoni, anafunga dumu la mafuta. Aliinua kichwa.

"Jirani, tunakushukuru kwa yote. Lakini ajali haina kinga."

"Ni kweli. Radi ikikupiga njiani, nani atakulaumu? Lakini hii ilikuwa na kinga, Nahodha. Tena kinga nyingi."

"Unataka kusema nimemuua shemeji yangu?"

Mapacha waliacha kucheza, wakamtazama baba yao. Mwokoaji naye aliwatazama mapacha.

"Nasema watoto hawa wana mama mmoja," alijibu. "Kesho, kabla ya abiria, nipeleke ng'ambo. Unionyeshe unavyopandisha boti. Nikisema upuuzi, nitupe majini."

Nahodha alitaka kukataa. Mama Pacha alimwahi.

"Mpeleke, Baba Pacha. Mimi naogopa. Nilikuwa sijasema, sasa nasema. Naogopa."

Asubuhi walikwenda watatu. Kabla ya kuondoka, Mwokoaji aliinama, akapapasa boya kwa chini. Bati lilikuwa limekwaruzika vibaya. Mahali pengine lilibonyea kwa kidole.

"Unaona? Mawe na mchanga vinalila bati. Likitoboka, boya litajaa maji na boti italala upande. Abiria wako watalowa mpaka kichwani."

Nahodha naye alipapasa palepale.

Walipokaribia upande wa soko, mkono wake ulikwenda kwenye mpini wa mwendo kwa mazoea. Mwokoaji alimgusa bega.

"Punguza. Simama hapa kwanza, mbali."

"Tufanye nini hapa?"

"Tutazame. Upepo unatoka wapi? Mawimbi yanavunjika wapi? Chini kuna nini?"

Alichukua mti mrefu, akauchomeka majini. Ulilia ko, ko.

"Mawe hayo. Sogea kulia." Alichomeka tena. Mara hii mti uliingia taratibu. "Huu ni mchanga. Pandia hapa. Na usiseme unapajua kwa sababu mwaka jana palikuwa pazuri. Maji yakipanda au yakishuka, ufuko unakuwa mgeni kwako."

"Sawa. Niingie?"

"Bado. Mama Pacha, shusha nanga ya nyuma, hapa kwenye kina."

"Nanga?" Nahodha aliuliza. "Tunafika au tunakaa?"

"Hiyo ndiyo inashika mkia wa boti. Bila hiyo, upepo unaigeuza ubavu na mawimbi yanaipiga. Legeza kamba kidogo kidogo, mdogo wangu. Usiiache ielee, itanaswa na mapanga ya injini."

Mama Pacha alilegeza kamba. Boti ilisogea pole pole, mwendo wa mtu aliyeshika mtoto mkono.

"Sasa na mimi nisimame wapi?" aliuliza.

"Husimami. Umekaa."

"Na geti?"

"Limefungwa."

"Basi nani anaizuia boti?"

"Mchanga," Mwokoaji alijibu. "Hebu fikiri. Jukwaa, injini, watu, magunia. Huo ni uzito wa kundi la ng'ombe. Wewe umewahi kumzuia ng'ombe mmoja kwa kifua?"

"Sijawahi."

"Na hakuna anayeweza. Nahodha, tumekaribia. Toa gia. Inua injini isikwaruze chini. Iache ijipeleke."

Boti iligusa mchanga, ikatulia. Hakukuwa na kishindo. Nahodha aliinuka kwenda kufungua geti.

"Ufunguo umechomoa?"

Alirudi, akauchomoa.

"Sasa fungua. Mtu mmoja ashuke kwa ngazi ya pembeni na kamba mbili. Asipite mbele ya boti, asisimame katikati ya maboya. Kamba moja aifunge kwenye kigingi cha kushoto pale mchangani, nyingine cha kulia. Hapo ndipo abiria washuke. Na wakati wa kuondoka, tazama nyuma kwanza. Asiwepo mtu majini karibu na injini."

Nahodha aliyatazama maji kati ya geti na nchi kavu.

"Watalowa," alisema.

"Weka ubao. Watakaolowa watalowa vifundo."

"Watanikimbia waende boti nyingine."

"Baadhi watakimbia. Maji ya vifundo hayajaua mtu, Nahodha. Kilichoua ulikiona."

Walirudi nyumbani. Siku ile ile Nahodha alipeleka boti kwa fundi, maboya yakawekewa bati jipya chini. Mama Pacha alizitoa buti za marehemu kwenye mfuko wake wa kazi, akaziweka kando, akavaa kandambili.

Abiria walilalamika, kama ilivyotarajiwa. Mmoja alisema Nahodha amezeeka ghafla. Mwingine alisema boti imekuwa bibi kizee, inaomba ruhusa kwa mchanga. Wachache walihamia boti nyingine. Nahodha alimeza yote. Nyumbani hakuwa anakula vizuri, na usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku moja walikuwa karibu na ufuko wa soko. Nanga ya nyuma ilikuwa imeshashuka, injini iko pole pole. Ghafla upepo ukabadilika. Mawimbi yalianza kuisukuma boti kutoka nyuma.

"Hatupandi hapa," Nahodha alisema. "Tunarudi kwenye kina, tukazunguke upande uliotulia."

"Mpaka kule?" alilalamika muuza mayai mmoja. "Soko si lile pale? Mimi naruka. Mbona Chapchap alikuwa anaruka?"

Alikuwa ameshainuka, trei za mayai kiunoni, mkono kwenye komeo la geti. Boti nzima iligeuka kumtazama kwa kusikia jina lile.

Nahodha hakupiga kelele.

"Kaa," alisema.

Muuza mayai alimtazama usoni. Alichokiona hapo hakukisimulia kwa mtu. Alikaa.

Wimbi kubwa likaja. Liliisukuma boti mbele, na boya la kushoto likagonga jiwe lililofichwa na maji. Viti vilitikisika. Trei moja ya mayai ilianguka, yakavunjika yote. Jiwe lenyewe lilikuwa palepale mbele ya geti, mahali ambapo mtu angetua.

"Vuteni kamba ya nanga," Mama Pacha aliwaambia walio karibu naye. "Mkiwa mmekaa, vuteni."

Walivuta. Nanga ilikuwa imeshika vizuri, na boti ikarudi nyuma kidogo kidogo mpaka kwenye kina. Nanga ilipopandishwa, Nahodha aliizungusha boti, akaenda upande uliotulia. Alipima chini kwa mti, akashusha nanga, akapanda taratibu. Watu walishuka kwa ubao, wengine wakalowa vifundo. Hakuna aliyesema neno juu ya viatu. Muuza mayai alishuka wa mwisho. "Ahsante, Nahodha," alisema, macho chini.

Boti ikabaki na watu wawili. Nahodha alikuwa bado ameshika usukani, ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Amekaa," alisema.

"Nani?"

"Yule wa mayai. Nimemwambia kaa, akakaa. Hakubisha hata kidogo."

Mama Pacha aliendelea kukunja kamba.

"Kaka yako alikuwa msikivu kuliko yule," Nahodha alisema. "Ningemwambia akae, angekaa. Miaka yote ile sikumwambia hata siku moja."

Mama Pacha alitafuta neno la kumfariji mume wake. Kila alilolipata lilikuwa la uongo. Aliweka kamba chini, akaja kukaa karibu naye.

"Ni kweli," alisema. "Hukumwambia."

Hapo Nahodha alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama Pacha alilia naye, akamshika mkono.

Abiria wa kurudi walikuwa wanangoja ufukweni. Walipopanda, Mama Pacha aliwagawia majaketi na kufunga geti. Nahodha alijifuta uso, akasimama mbele yao.

"Kaeni," aliwaambia. "Asiinuke mtu mpaka niseme."